TULIOSHA KANZU TUKASAHAU KIDONDA: HISTORIA YETU NA MBWA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, nilishika kipaza sauti cha msikiti nikatangaza kwamba siku ya Jumamosi daktari wa mifugo atakuwepo kuchanja mbwa na paka, kwa hiyo kila mwenye mnyama ampeleke. Hata dakika tano hazijapita, simu ikaanza kulia. "Shekhe, leo umewatangaza mbwa kwenye spika ya msikiti?" Mwingine akaniandikia: "Muislamu gani hapa kwetu ana mbwa?" Wa tatu akasema dawa ya mbwa ni sumu tu, wamalizwe wote, mji upumue. Na ndugu mmoja mkulima wa kokoa kule njia ya Ipinda akaniuliza kwa siri, inbox, kwamba yeye ana mbwa wawili wa kulinda shamba, je, swala zake zinapokelewa?

Sikukasirika. Haya ni maswali ya haki. Lakini jibu lake haliwezi kuwa la mstari mmoja, ndiyo maana nimekaa niandike. Darsa ya leo ni ndefu, isome taratibu. Ndani yake nitakueleza jambo lililonipata nikiwa na umri wa miaka 13, ambalo sijawahi kulisema mimbarini.

1. KWANZA TUWAJUE HAWA WANYAMA

Mbwa ni ukoo, kama ulivyo ukoo wa paka wenye simba na chui ndani yake. Katika ukoo wa mbwa hapa Tanzania yupo mbwa wa nyumbani tunayemjua. Wapo bweha, wengine mnawaita mbweha. Kule Serengeti wanaonekana bweha mgongo mweusi, bweha miraba, na yule wa rangi ya dhahabu. Katika nyanda zetu zenye mvua na majani marefu, anayehusika zaidi ni bweha miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha nyeupe ya mkia. Yupo pia bweha masikio, ambaye riziki yake kubwa ni mchwa.

Kisha yupo mbwa mwitu mwenyewe, yule mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano, na masikio makubwa ya mviringo. Huyu anapatikana Ruaha na katika pori kubwa la Nyerere, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Selous. Anawinda kwa kundi, na mawindo yakianguka watoto ndio wanaotangulia kula. Aliyeumia akashindwa kuwinda, wenzake wanarudi na chakula tumboni wakamtapikia naye ale.

Hapa kuna jambo la lugha. Kiswahili chetu kimewapa wanyama wawili jina moja. Katika Surat Yusuf, ndugu zake Yusuf (a.s.) walipomwambia baba yao kwamba mwana ameliwa na mnyama, mnyama aliyetajwa kwa Kiarabu ni dhi'bu, mnyama wa kijivu wa Ulaya na Asia. Sisi tunamwita mbwa mwitu, na tafsiri zetu zimeandika hivyo hivyo. Huyo wa kijivu ndiye babu wa mbwa wote wa nyumbani duniani. Mbwa mwitu wetu wa Ruaha ni mwingine kabisa. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne, wakati mbwa wa nyumbani ana vitano, na hawazaliani. Na kumbuka pia kwamba yule mnyama wa Surat Yusuf alisingiziwa. Hakumla mtu.

Na fisi je? Wengi wetu tunamhesabu kuwa ndugu wa mbwa kwa sababu ya umbo. Siyo. Wataalamu wa wanyama wanamweka upande wa paka na nguchiro. Na fiqhi yetu ya Kishafi nayo haikumchanganya na mbwa, kwani Imam Shafi'i (r.a.) alisema fisi ni halali kuliwa, kwa hadithi iliyopokewa kwa Jabir (r.a.). Usinipigie simu, sijasema kesho tukamchinje fisi! Nasema wanazuoni walikuwa wakiangalia kila mnyama na hukumu yake.

Sasa shika hili, maana darsa yote inasimama juu yake. Kwa madhhab yetu ya Shafi'i, wanyama wote wakiwa hai ni twahara, isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Maana yake paka ni twahara. Bweha akiwa hai ni twahara, hata kama haliwi. Lakini paka anaweza kukupa kichaa cha mbwa, na bweha anaweza kukupa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo najisi ni jambo moja, na ugonjwa ni jambo jingine. Najisi ni hukumu ya Allah tunayoitii. Ugonjwa ni jambo la kumkimbilia tabibu. Anayeyachanganya haya mawili ataua mtu, na mimi nimeshuhudia.

2. MBWA ALIFIKAJE HUKU KWETU

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kabisa kuishi na binadamu. Kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla ya kuku. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake pamoja na ya watu huko Ulaya na Asia kwa zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Afrika haikuwa na yule babu wa kijivu wa kufugwa, kwa hiyo mbwa alikuja kwetu akiwa tayari wa nyumbani. Aliingia kwa njia ya Misri, ambako mifupa yake ina miaka takriban 6,000, akapanda na mto Nile pamoja na wafugaji, kisha akashuka kusini. Kule Afrika Kusini mifupa ya mbwa ya zamani inaanza kuonekana miaka takriban 1,400 iliyopita. Fanya hesabu, ni karibu na zama alizoishi Mtume wetu (s.a.w.).

Na lugha nayo inatoa ushahidi. Sisi Waswahili tunasema mbwa. Mnyakyusa anasema imbwa. Mganda anasema embwa. Mshona wa Zimbabwe anasema imbwa. Wataalamu wa lugha wanasema neno hili ni la zamani sana katika lugha za Kibantu, maana yake wazee wetu walikuwa na mbwa tangu hawajatawanyika. Ila ukivuka mto Songwe ukateremka Malawi hadi kwa Wachewa, utasikia galu. Mnyama ni yule yule.

Basi huku ukingoni mwa Ziwa Nyasa mbwa hakuletwa na Mzungu wala na Mwarabu. Alikuwepo. Alilinda ng'ombe, aliwinda na vijana, alikesha migombani. Leo analinda mpunga na kokoa dhidi ya nguruwe pori na nyani. Ndugu yangu wa Ipinda, kazi ya mbwa wako ni ya kale kuliko mipaka ya wilaya hii.

3. MBWA KATIKA MJI WA MTUME (S.A.W.)

Twende Madina sasa. Mbwa ametajwa katika Qur'ani mahali kadhaa. Katika Surat al-A'raf, aya ya 176, amepigiwa mfano wa ubaya kwa tabia yake ya kuhema na kutoa ulimi. Katika Surat al-Maida, aya ya 4, Allah amehalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama tuliowafundisha, na maswahaba kama Adi bin Hatim (r.a.) waliuliza hasa kuhusu mbwa wao. Na katika Surat al-Kahf, mbwa amelala mlangoni mwa pango pamoja na wale vijana waja wema, na Allah akamhesabu pamoja nao. Qur'ani imemtaja kwa ubaya, kwa kazi, na kwa uaminifu. Sisi tumeshika lile la kwanza tu.

Katika sunna, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mbwa akiramba chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Alifundisha kwamba anayefuga mbwa bila sababu hupungukiwa thawabu kila siku, akavua katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Hapo mkulima wetu wa kokoa amejibiwa. Mbwa wa shamba ameruhusiwa kwa hadithi sahihi. Mweke shambani au nje, mtengee chombo chake, linda nguo yako ya swala, na swala yako iko palepale inshaallah.

Ndugu wa sumu naye, sikiliza. Ni kweli ilipita amri ya kuua mbwa Madina. Lakini amri ile haikuachwa hivyo. Mtume (s.a.w.) aliizuia, na akabainisha kwamba mbwa nao ni umma miongoni mwa umma. Aliyebaki katika ruhusa ya kuuawa ni mwenye madhara, yule mkali anayeshambulia, hata kwa aliye katika ihram. Na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe, tunaifundisha madrasa kila mwaka. Watoto wanaihifadhi, wakitoka nje wanaokota mawe.

Wanahistoria wa sira, akiwemo al-Waqidi, wamepokea pia kwamba katika safari ya kuikomboa Makka, mwaka wa 8 Hijria, jeshi lilimpita mbwa jike ananyonyesha watoto wake, na Mtume (s.a.w.) akamweka mtu asimame pale asije askari akamsumbua. Jeshi zima linaelekea ushindi, na kuna askari mmoja zamu yake ni kumlinda mbwa mzazi.

Na nyinyi mlioudhika kwa spika, someni Sahih Bukhari. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini, na watu hawakuwa wakinyunyiza maji kwa ajili hiyo. Wanazuoni wameieleza hadithi hii kwa njia mbalimbali, na sisi Mashafi tunabaki na hukumu yetu ya najisi. Lakini kule mbwa wenyewe walipita msikitini. Kwangu limepita jina lao tu.

4. DINI ILIVYOFIKA NYASA

Hukumu ya kuosha mara saba, kwa ukali wake tulionao, ilifikaje Kyela? Pwani yetu ni ya Kishafi tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wake ni wa madhhab ya Shafi'i. Maliki, kule Afrika ya kaskazini na magharibi, wanasema mbwa ni twahara na kuosha chombo ni ibada tu. Hanafi wao mate yake ndiyo najisi. Wote ni Ahlu Sunna, wote wana dalili. Sisi tulipokea ya pwani, na pwani ilipokea kutoka Hadhramaut na Yemen.

Kutoka Kilwa, misafara ilikuja hadi ziwa letu. Miaka ya 1840 Salim bin Abdallah alijenga utawala wake Nkhotakota, upande wa magharibi wa ziwa, akaitwa Jumbe. Miaka ya 1880 Mlozi alijikita karibu na Karonga, si mbali na mpaka wetu wa Kasumulu. Tuseme ukweli, ndugu zangu, kwa sababu Muislamu hasemi uongo hata kwa ajili ya watu wake. Watu hao walibeba jina la Uislamu, lakini biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Oktoba 1887, watu wa Mlozi waliwaua Wangonde wengi waliojificha kwenye matete ya Kambwe. Wangonde ni ndugu wa Wanyakyusa, lugha yao karibu moja. Vita vikaendelea, na Desemba 1895 Waingereza wakamnyonga Mlozi.

Mbona naleta habari hii kwenye darsa ya mbwa? Kwa sababu inaonyesha hatari ya kushika sehemu ya dini na kuiacha sehemu. Mtu anaweza kuwa makini asiguswe na mate ya mbwa, na kesho yake amfunge binadamu mnyororo shingoni. Twahara ya nguo bila rehma ya moyo haimfikishi mtu popote. Na majirani zetu hapa, wengi wao Wakristo, wametujua kwa matendo yetu kabla ya kutujua kwa mawaidha yetu.

5. KANZU NA KIDONDA

Sasa lile jambo langu.

Mwaka 1983 nilikuwa mwanafunzi wa madrasa, mkubwa kidogo kuliko wenzangu, kwa hiyo nilipewa kuwasimamia wadogo. Siku moja tukiwa njiani tunarudi, alitokea mbwa mmoja koko, mate yanamtoka, anatembea kama mlevi. Sisi kama kawaida yetu tukaokota mawe. Mbwa hakukimbia. Alituingilia, akamng'ata mguuni mtoto mmoja wa miaka minane au tisa, akachana na kanzu yake.

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Nilijua la kufanya, maana tulikuwa tumelisoma mwezi ule ule. Nilimvua ile kanzu, tukashuka mtoni, tukaiosha mara saba. Mara ya kwanza kwa udongo, tena udongo safi, nikahesabu kwa sauti. Tulipofika nyumbani tukasifiwa. Kidonda wakasema kisitiwe maji kisije kikaoza. Kikapakwa tumbaku na majivu, kikafungwa kitambaa. Hakuna aliyetaja hospitali, na hakuna mtu mzima aliyetuuliza mbwa yule alikuwaje.

Kidonda kikapona. Mtoto akarudi madrasa, akacheza, akaogelea. Baada ya wiki sita hivi akaanza homa. Mguu ukawa unamwasha pale pale palipong'atwa. Akawa hataki upepo, hataki mwanga. Kisha akawa anaogopa maji. Yule alikuwa mtoto wa mto Kiwira, alijua kuogelea kabla ya kujua alif na be. Sasa ukimletea kikombe cha maji anakakamaa koo na kupiga kelele. Watu wakasema ni majini, akasomewa. Siku ya tatu au ya nne alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilisaidia kubeba maji ya kumkosha. Nikiyamimina, nilikuwa nahesabu moyoni zile mara saba za kanzu.

Nimeishi na jambo hili zaidi ya miaka 40. Nimelisoma tena na tena katika vitabu vya fiqhi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba fiqhi haikuwa na kosa. Mate ya mbwa ni najisi kwenye nguo, na ni najisi kwenye ngozi vilevile. Ile sheria niliyoikariri ingetufikisha kwenye kidonda kabla ya kwenye kanzu, kama tungeifuata yote. Na baada ya kuosha tungemkimbiza hospitali, kwa sababu kulinda uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria. Tulishika nusu, ile inayoonekana msikitini.

6. WALIOTUTANGULIA WALIFANYA NINI

Usidhani hospitali ni jambo geni kwa historia yetu. Tarehe 6 Julai 1885, kule Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akapona. Umri ule ule wa mwenzetu.

Habari ilifika Istanbul. Khalifa wa wakati huo, Sultan Abdulhamid wa Pili, hakusema haya ni mambo ya makafiri. Mwaka 1886 alituma ujumbe wa matabibu Paris wakajifunze, akampelekea Pasteur fedha na nishani. Mwaka 1887 Istanbul ikafungua kituo chake cha kutibu kichaa cha mbwa. Angalia mwaka huo. Ni 1887 ile ile ya matete ya Kambwe. Mwaka mmoja, Muislamu mmoja anafungua nyumba ya kuokoa watu, na mwingine, karibu na huku kwetu, anawachoma moto majirani. Kila mmoja ameacha historia yake. Na sisi tutaacha yetu.

Istanbul hiyo hiyo ilijulikana kwa mbwa wake wa mitaani. Hawakuingizwa ndani ya nyumba, lakini watu waliwapa mabaki ya chakula na maji. Mwaka 1910, baada ya Sultan kuondolewa, wakuu wapya wa mji wakaamua kuwasafisha. Mbwa kwa makumi ya maelfu walikusanywa wakatupwa kwenye kisiwa kikavu, wakafa kwa njaa na kiu. Wakazi wa mji waliona ni dhambi na aibu, na habari zake zinasimuliwa Uturuki mpaka leo. Ndugu wa sumu, historia hiyo ni yako.

7. UGONJWA UNAVYOPITA KUTOKA NYUMBANI HADI PORINI

Tulivyomtendea mbwa, tumemtendea na jamaa yake wa porini. Zama za wakoloni mbwa mwitu aliitwa mharibifu, akapigwa risasi hata ndani ya hifadhi, na mtindo huo ulifika hadi miaka ya 1970. Leo wanakadiriwa kuwa 6,600 tu Afrika nzima, na Tanzania ni miongoni mwa nchi chache zenye wengi. Kule Serengeti, kichaa cha mbwa kiliwapata, na kufikia mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalikuwa yametoweka. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa wa nyumbani uliingia kwa simba wa Serengeti, theluthi moja yao wakafa. Yaani mbwa wa kijijini asiyechanjwa amemwangusha mfalme wa pori.

Na kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara, watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa walikuta bweha ni sehemu kubwa sana ya wanyama wagonjwa. Hapo ndipo ninaposema rudi kwenye lile la mwanzo. Bweha ni twahara, na amebeba mauti mdomoni. Mtu wa Kyela aking'atwa na bweha akiwa shambani alfajiri asiseme "siyo mbwa, sina la kuosha." Aoshe, akimbie hospitali.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Duniani wanakufa watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na miongoni mwa wanaong'atwa wamo watoto wengi. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba wanakufa takriban 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa kupona ni nadra mno. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaokoa.

8. PEMBA

Utasema, Shekhe, hili ni la Wazungu na Wakristo wenye mbwa. Nakupeleka Pemba, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu, tena Mashafi kama mimi na wewe. Kichaa cha mbwa kilikuwepo Pemba. Wakachanja mbwa kisiwa kizima, na mwaka 2014 ugonjwa ukakatika. Uchanjaji ukalegea, mbwa wagonjwa wakaingia kutoka bara, na mwaka 2016 ukaonekana tena, watu wakang'atwa na kufa. Wakachanja tena kwa nguvu, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili.

Hawakubadili madhhab. Wanaosha mara saba kama sisi. Hawakulala na mbwa kitandani. Waliwashika tu wakawachanja. Wataalamu wanasema ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuwaua ovyo hakuukati, maana wanaobaki hutangatanga na wapya huja, na hao wapya hawana chanjo.

9. TUFANYE NINI

Kwanza. Ukingwa na mbwa, paka, bweha au mnyama yeyote, hata akikukwaruza tu, osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake tumbaku, majivu wala mafuta ya taa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, na ukipewa tarehe za kurudi, rudi zote, hata kama kidonda kimepona.

Pili. Nguo osha baadaye, mara saba na udongo, kwa utulivu. Nguo haifi.

Tatu. Mwenye mbwa wa shamba au wa mifugo, usimfiche kwa kuona haya. Mchanje kila mwaka, mlishe, mpe maji. Kumlaza njaa mnyama aliye chini ya mkono wako utaulizwa, kama alivyoulizwa mwanamke aliyemfungia paka.

Nne. Walimu wa madrasa, fundisheni hadithi ya kuosha chombo pamoja na hadithi ya mnywesha mbwa, siku moja, somo moja. Na waambieni watoto wasirushe mawe, wakiona mbwa anayetoa udenda na kuyumba warudi nyuma na kumwita mtu mzima.

Tano. Ukiona jirani yako Mkristo mbwa wake hajachanjwa, mkumbushe kwa wema. Mtoto wake na wako wanapita njia moja.

Jumamosi ile walikuja wengi, na katika mstari nilimwona mzee mmoja katika waliokuja kunigombeza barazani kuhusu spika. Alikuwa amemfunga mbwa kamba ndefu sana, yeye huku mbwa kule, kanzu ameikunja mpaka magotini. Tukasalimiana, hatukusema kitu. Allah amlipe kheri.

Spika ya msikiti nitaitumia tena mwakani inshaallah, Allah akitupa uhai.

Ewe Mola wetu, turuzuku elimu yenye manufaa, utufanye wenye twahara ya mwili na ya moyo, uwahifadhi watoto wetu njiani, na umrehemu yule mwenzetu mdogo umkutanishe na wazazi wake katika Jannatul Firdaus. Amin.

Mwenye swali aulize hapo chini kwa adabu. Na mfikishie mwenzio mwenye watoto.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.